Kopo la Vichaa

Baba yako hajawahi kuingia ndani ya nyumba yangu. Liandike hilo kwanza, na usiinue macho kunitazama kila ninapomtaja. Nimekuita uniandikie kwa sababu sikusoma, sikukuita unihukumu. Yote nitakayosema juu yake nilikwisha kuyasema akiwa upande wa pili wa ukuta ananisikia, kwa hiyo hakuna habari mpya utakayompelekea.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Hawaketi chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawasemeshani. Mwenye neno humwambia mtu wa tatu, na huyo ndiye hulifikisha, hata kama wote watatu wamesimama mahali ambapo kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia. Ninyi vijana mnaicheka desturi hii. Mimi naishukuru, kwa maana ilinipa haki ya kutomtazama mtu ambaye hata bila desturi nisingemtazama.

Sababu yake ni ya zamani kuliko ndoa ya wazazi wako. Marehemu babu yako alikuwa fundi wa redio hapa Ihanja, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, mahali ambapo sasa wanauza mafuta ya alizeti. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alipelekwa hospitali, akaambiwa amechelewa. Hakufunga kibanda. Alinikalisha kwenye benchi lake, nikawa macho yake kwa zaidi ya miaka kumi. Yeye alisema, mimi nikatenda.

Lakini macho yangu yalikuwa macho ya mtu asiyejua herufi. Yale maandishi madogo mgongoni mwa vifaa, ambayo mafundi wengine huyasoma na kutikisa vichwa, kwangu yalikuwa mikwaruzo tu. Siku za mwanzo nilimwelezea babu yako umbo la mikwaruzo hiyo mpaka akachoka.

Akasema, "Mke wangu, acha kuniambia kimeandikwa nini. Kifunge kwenye betri uniambie kinafanya nini."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Benchi letu lilikuwa na betri moja ya gari, taa moja ndogo ya indiketa ya pikipiki, nyaya mbili zenye vibanio, na rizista moja, kidude cha kupunguza umeme, ambayo niliifunga uzi mwekundu isipotee. Kifaa cha miguu miwili nilikipitisha kati ya betri na taa. Kama kiliwasha taa upande mmoja, nikakigeuza na taa ikakataa, tulijua ni cha kupitisha umeme njia moja. Kifaa cha miguu mitatu kilihitaji uvumilivu zaidi. Miguu miwili niliipitishia umeme wa taa, na mguu wa tatu, ambao babu yako aliuita mlango, niliugusa kwa waya uliopitia kwenye rizista. Vingine taa iliwaka nilipogusa na ikazima nilipoondoa. Hivyo alivipa jina la watiifu. Vingine taa iliwaka nilipogusa, nikaondoa waya, na taa ikaendelea kuwaka mpaka nifungue kibanio cha betri. Hivyo aliviita wabishi. Kila aina ilikuwa na kopo lake la maziwa ya unga juu ya rafu, na niliyajua makopo hayo kama ninavyojua masufuria yangu.

Tukishakitambua kifaa, babu yako alichukua msasa akafuta maandishi yake mgongoni. Alifanya hivyo ili fundi mwingine akifungua redio tuliyoitengeneza asijue tumeweka nini, na mwenye redio arudi kwetu. Alikuwa mchoyo wa ufundi wake. Sikatai. Andika kwamba sikatai.

Ndipo akaja kijana kutoka Manyoni, mtoto wa watu wa reli, ametoka chuo cha ufundi na cheti chake amekitia kwenye fremu. Akajenga kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na chetu. Hilo halikuwa kosa. Barabara si yangu. Kosa ni alilowaambia wateja. Alisema, na nililisikia kwa masikio yangu kutoka kwa mwanamke aliyekuja kuchukua redio yake kabla hatujaigusa, kwamba pale kwa mzee redio zinauawa: mume haoni, na mke hajui kusoma.

Mwaka uliofuata, kijana huyo huyo alituma washenga nyumbani kwangu kumposa mama yako.

Nilikataa. Babu yako alikubali. Alicheka mbele ya wageni, akasema, "Mwacheni amchukue. Angalau binti yangu hatakosa wa kumtengenezea redio." Wageni wakacheka pamoja naye. Mimi sikucheka siku ile, na sijacheka mpaka leo.

Babu yako alifariki. Nikayarudisha makopo yake nyumbani, pamoja na betri na sola ya kibanda, nikaviweka katika chumba cha nyuma. Miaka ikapita. Halafu mama yako akaja na habari ya mashine ya kutotolea vifaranga. Wewe ulikuwa bwenini, ndiyo maana hukuyaona haya.

Mashine ilitengenezwa na baba yako. Lilikuwa sanduku la mbao lenye tabaka la blanketi kuukuu ndani, taa nne za gari za kutia joto, na kidude cha kupima joto kilichoamuru taa ziwake au zizime. Mama yako alikuwa amewashawishi wanawake kumi na wawili wa kitongoji hiki, kila mmoja akampa mayai kumi ya kuku wake bora. Unajua kuku wa huku. Wapo watu wanaotoka mbali kuwafuata. Mwanamke kumpa mwenzake mayai kumi ya tetea wake mzuri, badala ya kumwachia tetea mwenyewe alalie, ni jambo kubwa. Mama yako aliniomba chumba cha nyuma kwa sababu sola na betri vilikuwa huko. Nilimpa chumba kwa kuwa ni mwanangu. Mashine ilibebwa na yeye na mwanamke mwingine kutoka barabarani mpaka ndani, na aliyeitengeneza akaishia kwenye mti wa uani.

Nilitamka neno kisimani, mbele ya wanawake wale. Nilisema, "Kuku hulalia mayai bila betri. Hiyo si mashine ya vifaranga, hilo ni jiko." Wengine walicheka. Mama yako hakucheka. Jioni aliniambia, "Mama, mayai haya yakiharibika sitaweza kusimama tena kwenye foleni ya maji na wale watu. Na wewe ndiye utakuwa umewapa maneno ya kunisema." Nikamwambia maneno hayo yasingekuwepo kama jiko lisingekuwepo.

Siku ya kumi na saba ya mayai, asubuhi, nilisikia mama yako akipiga kelele chumba cha nyuma. Taa zilikuwa zimewaka na zimegoma kuzima. Kipimajoto kilikuwa kimepita mbali alama aliyoichora kwa rangi nyekundu ya kucha. Alifungua mfuniko, akang'oa waya, akawa anapepea mayai kwa kanga yake huku analia na kumpigia simu mumewe. Joto likashuka, kisha likashuka mno, akarudisha waya kwa mkono. Likapanda, akautoa. Akawa ndiye kidude cha kupima joto: anaweka waya, anatazama alama, anautoa, anauweka tena. Hakuweza kuinuka pale.

Baba yako alifika na pikipiki. Alizunguka nyumba, akasimama chini ya dirisha la chumba cha nyuma, ubavuni, ili asinione nami nisimwone. Hilo nampa. Adabu ya miguu anayo.

"Mke wangu," alisema, "nifikishie shikamoo kwa mama."

"Mama, anakuamkia," alisema mama yako, macho yakiwa kwenye kipimajoto.

"Mwambie marahaba. Mwambie na mayai yake ya kuchemsha yanakaribia kuiva."

"Mama!"

"Mwambie kama nilivyosema."

"Amekwisha sikia," alisema mama yako.

Bodi ya kidude kile ikapitishwa dirishani juu ya ungo, maana kitu kinachotoka mikononi mwangu hakipokei kwa mkono wake, na siku ile nani alijua mikono ipi imegusa nini. Nilisikia akikwangua na kupima kwa mita yake inayolia. Hakukawia. Akasema kifaa kimoja cha miguu mitatu, kile kinachofungua na kufunga umeme wa taa, kimepiga shoti. Miguu imeshikana ndani, ndiyo sababu taa hazikuzima. Alikuwa amekitoa kwenye invata iliyoungua, na hakuwa na kingine. Akapiga simu madukani Singida mjini. Duka la kwanza hawakuwa nacho, la pili hawakuelewa anachoomba, la tatu walisema kiagizwe Dar es Salaam, siku tatu.

"Siku tatu nitashika huu waya?" mama yako aliuliza. "Usiku na mchana?"

Baba yako alitia simu mfukoni. Kisha akasema polepole, kama mtu anayekanyaga miiba, "Muulize mama kama yale makopo ya marehemu bado yapo."

Nami nilikuwa nimelingojea neno hilo kwa miaka mingi.

"Mwambie yapo," nilisema. "Lakini mwambie ni makopo ya fundi aliyeua redio. Mume haoni, mke hajui kusoma. Fundi wa cheti atayatakia nini?"

Nje hapakusikika kitu ila kuku wakiparua. Mama yako aligeuka, waya mkononi, uso umelowa jasho na machozi.

"Endeleeni," alisema. "Mmoja amsimange mwenzake, mwenzake anyamaze kwa hasira. Mimi nitakaa hapa katikati niwe waya wenu. Nikiungua mtanitupa."

Nitasema ukweli, na uuandike bila kuulainisha. Nilitaka mayai yale yafe. Nilitaka wanawake kumi na wawili waje wayavunje mmoja mmoja mlangoni kwangu, na mtu yule wa nyuma ya ukuta asikie kila ganda likivunjika. Aibu ya mama yako niliiona, lakini niliiona kama kitu kidogo kilichosimama mbele ya kitu kikubwa.

Kisha mama yako akaniomba nimshikie waya kidogo aende uani. Sikuweza kumkatalia hilo. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikatazama alama nyekundu. Kwa mazoea tu, mkono wangu mwingine ukachukua yai. Nikalikunjia kiganja na kulielekeza kwenye jua la dirishani, kama mama yangu alivyonifunza kabla sijajua kusuka nywele. Yai lililokufa hutulia likitazamwa. Lile lilikuwa jeusi limejaa, na ndani ya weusi kitu kikaruka, kikajigeuza, kikatulia. Nikachukua la pili. La pili nalo likaruka. La tatu lilikuwa limekufa. La nne likaruka.

Mama yako aliporudi alinikuta nimepanda juu ya stuli nayashusha makopo.

Nilipeleka kwanza kopo la vifaa vya miguu mitatu vyenye mgongo wa chuma, vile vikubwa. Nikamwaga kwenye ungo, mama yako akausukuma dirishani kwa mkono mmoja. Nilisikia vifaa vikigongana. Kisha sauti ikapanda.

"Havina namba! Hata kimoja! Mtu gani mwenye akili zake anafuta namba za vifaa?"

"Mwambie," nilisema, "aliyezifuta alijua utakuja wewe."

Nilitaka kusema atakuja yeye. Ulimi uliteleza, nikasema wewe, na kwa kosa hilo nilijichukia zaidi. Mama yako alijifanya hakusikia.

Baba yako alipima na mita yake kimoja baada ya kingine. Vilivyokuwa watiifu alivitambua na kuvitenga, akisema milango yao hula umeme mwingi kuliko bodi yake inavyoweza kutoa. Mita yake ilimwambia, sikatai. Vikabaki vitano ambavyo mita ilinyamaza. Alisema vinaweza kuwa vizima, vinaweza kuwa vimekufa, vinaweza kuwa chochote. Mita isiyosema na mtu asiyesoma, nilifikiri, sasa wamekutana.

Nikamwambia mama yako avirudishe hivyo vitano ndani. Niliburuta meza ndogo mpaka chini ya dirisha, nikafungua betri ndogo ya akiba, nikatoa taa ya indiketa na rizista yenye uzi mwekundu. Vibanio vilikuwa na kutu. Nikavikwangua kwa kisu. Vidole vyangu vilikumbuka kazi kabla yangu. Nikafunga cha kwanza, nikagusa mlango wake, taa ikawaka. Nikaondoa waya. Taa ikaendelea kuwaka.

"Imewaka," mama yako alitangaza akiwa kwenye kigoda chake. "Mama ameondoa waya, na haijazima."

"Hicho!" alisema baba yako. "Hicho hicho! Kile nilichokuwa nacho kilikuwa hivyo hivyo, kikishaguswa kinabaki kimewaka. Mwambie mama akilete, nakichomea sasa hivi."

"Mwambie aache pupa."

"Mwambie mama hatuna muda."

"Mwambie muda wa kuyachemsha mayai mara ya pili tunao."

Nikalowesha kidole mate, nikagusa mlango wa kifaa pamoja na mguu uliokwenda hasi ya betri. Taa haikutikisika. Nikarudia. Nikaugusisha kwa waya mtupu. Taa ikaniangalia tu. Nikafungua kibanio cha betri, taa ikazima. Nikakirudisha, ikabaki imezima, ikingoja kuguswa upya.

"Mwambie hivi," nilisema. "Hiki ni kibishi. Kikiwaka hakiachi mpaka betri ivuliwe. Akikiweka kwenye bodi yake, kidude kitaamuru taa ziwake, zitawaka. Kitaamuru zizime, na kibishi kitakataa. Kwa hiyo atakuwa ametutengenezea jiko upya."

Nilisikia akiiweka mita yake chini.

"Ni kweli," alisema baba yako. "Ni thairista. Mwambie mama ni kweli."

Kwa miaka yote niliyomjua, lilikuwa neno la kwanza kutoka kwake ambalo sikuweza kulipinga. Lilinikera. Nikavipima vinne vilivyobaki, kwa hasira, na vyote vilikuwa wabishi. Nikasukuma ungo pembeni.

"Mwambie tumemaliza," nilisema. "Hakuna kinachowaka kikabaki, kisha kikazima kwa amri ya mlango. Kitu kama hicho hakipo. Vilivyokuwa vikifanya hivyo vilikuwa vibovu, babu wa watoto alivitupia kwenye kopo la vichaa."

"Mama, vichaa gani?"

Baba yako hakumwambia mama yako aniulize. Aliniuliza mimi. Sauti yake ilipita dirishani ikanifikia usoni, na jina aliloniita likiwa ndani yake.

Mama yako aliuachia waya, akajiziba mdomo. Kosa la namna hiyo kwetu lina adhabu yake: mkwe hutoa mbuzi na kutuma mzee wa kumwombea radhi, na mpaka hapo mama mkwe ana haki ya kufunga mlango, dirisha na masikio. Nilikuwa na haki hiyo. Nilinyoosha mkono nikashika komeo la dirisha. Nje alikuwa amekwisha tambua alichofanya. Nilisikia akirudi nyuma na kuangusha kitu.

"Waya," nilimwambia mama yako. "Joto linashuka."

Akauokota waya. Nami nikaliachia komeo, kwa sababu yai la pili lilikuwa bado linaruka ndani ya kichwa changu. Lakini sikumjibu yeye. Niliigeukia taa ya indiketa pale mezani, nikaiambia taa.

"Vichaa," nilisema, "ni vile ambavyo hata rizista havitaki. Nikigusa kwa kidole mlango na chanya, taa inawaka. Nikiondoa kidole, inabaki. Nikigusa mlango na hasi kwa kidole hicho hicho, inazima. Miezi ya upepo, hewa ikikauka, nikipitisha tu mkono karibu, inawaka yenyewe. Na betri ikigeuzwa inawaka moja kwa moja bila kuulizwa. Babu wa watoto alisema kifaa kinachosikia hata kivuli cha mkono hakifai kuwekwa kwenye redio ya mtu."

Baba yako aliongea na ukuta, nadhani, maana sauti yake ilikuwa chini na haikumtaja yeyote. Alisema mlango wa kifaa cha aina ile hauli umeme. Unapokea kidogo tu na kukishika, na ukishashika haupotezi mpaka unyang'anywe. Ndiyo maana kidole kinatosha. Ndiyo maana upepo mkavu unakichezea. Kikiwekwa kwenye bodi, mlango wake haubaki ukining'inia hewani kama kwenye meza; kuna rizista inayoufunga na hasi, na kinatulia. Vinaitwa mosfeti. Havikuwa vibovu.

"Mke wangu," alimalizia, "mwambie mama si vichaa. Ndivyo vilivyoumbwa."

Ewe mjukuu, hapo ndipo aliponipiga, na hakujua. Babu yako alikufa akiviita vibovu. Kila alipotoa kimoja kwenye bodi iliyoungua, mimi nikampa habari zake, akacheka akasema, kichaa mwingine, tia koponi. Miaka yote ile tulikuwa na vifaa vizima na tukavifungia kama wagonjwa. Mimi niliviona vizuri, nikavisema vizuri, na bado tulikosea, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kuambiwa kwamba kitu kama hicho kipo. Na aliyeniambia alikuwa yule.

Kopo la vichaa lilikuwa chini ya kitanda changu, limejazwa kipande cha blanketi la nailoni visigongane. Nilikuta kumi na kimoja. Baba yako aliposikia habari ya blanketi alituma neno kwamba lile ndilo adui wao mkubwa, maana nailoni ikisuguliwa huzaa umeme, na kwamba mama ashike chuma kilichochimbiwa ardhini kabla ya kuvigusa. Kupewa amri na mtu yule ndani ya nyumba yangu! Nikashika chuma cha dirisha kilichoshuka mpaka kwenye msingi, nikarudi mezani. Sita vilikuwa vimekufa, taa inawaka bila kuzimika kwa lolote. Viwili havikuwasha kabisa. Vitatu vilikuwa vizima: kidole kikawasha, kidole kikazima, kikawasha, kikazima. Mama yako alizitangaza habari hizo kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofaulu.

Chuma chake cha kuchomea risasi kilihitaji umeme wa nyumbani, na siku ile ulikuwa umekatika. Nikapeleka dirishani chuma cha babu yako, kile cha shaba kinachopashwa moto kwenye mkaa, pamoja na jiko lenye makaa. Alikichukua. Nilisikia risasi ikichemka. Jua lilikuwa limeegemea upande wa alasiri bodi iliporudi juu ya ungo.

Mama yako akaifunga, akaondoa mkono. Taa nne zikawaka. Tukangoja. Alama nyekundu ikafikiwa, na taa zikazima zenyewe. Tukangoja tena, mimi ndani, yeye nje. Zikawaka zenyewe. Zilipozima mara ya tatu nikageuka kumwambia mama yako, nikamkuta amelala sakafuni hapo hapo, kichwa kwenye mguu wa meza.

Basi hapakuwa na mtu wa tatu. Baba yako alikohoa mara moja nje. Mimi nikasogeza kigoda kikaparua sakafu. Hivyo ndivyo tulivyoarifiana kwamba zimezima, na hapana sheria iliyovunjwa.

Katika mayai mia na ishirini, vifaranga themanini na saba walitoka. Mayai yaliyobaki yaliuawa na joto la asubuhi ile au hayakuwa na uhai tangu mwanzo. Wanawake waligawana. Wawili walinung'unika, na kisimani mmoja alinirushia neno langu mwenyewe: "Bibi, jiko lako limezaa." Nilimwambia ateke maji yake aondoke. Mama yako alikuwa amesimama kwenye foleni mbele yangu, mgongo umenyooka, wala hakugeuka. Lakini niliona mabega yake yakicheka.

Mbuzi alikuja, pamoja na mzee wa kuomba radhi. Nilimpokea mbuzi. Nilimwambia mzee kwamba la kuniita nimelisamehe, ila lipo lingine la zamani, na mwenye kulijua analijua. Siku ya pili nilisikia hatua chini ya dirisha.

"Mke wangu," alisema baba yako, na mama yako alikuwa akiwalisha vifaranga chenga za mtama, "mwambie mama kwamba marehemu hakuua redio hata moja. Nilisema uongo ili nipate wateja."

Mama yako alinitazama. Alikuwa amefumba mdomo kabisa, hakurudia hata neno.

"Mwambie nimesikia," nilisema.

Sikusema zaidi, na sitasema zaidi. Kopo nimelitoa chini ya kitanda, nimelitoa blanketi, nimeliweka juu ya rafu pamoja na mengine. Vimebaki viwili vizima ndani yake. Jina lake ni lile lile alilolipa babu yako, na uliponisomea nimesikia umeandika jina jingine hapo juu. Lifute. Na ukimaliza usimpelekee baba yako daftari hili. Akitaka kulijua lililomo aje dirishani, akae upande wake, amwambie mama yako aniulize.